Mlango Uliorukwa

Jana nilifungua chupa ya mafuta ya zeituni, na harufu yake ikanitia aibu nikiwa peke yangu jikoni.

Nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu Kirumba, wanajumuiya wa kanisa letu walipita nyumba kwa nyumba wakiomba na kupaka mafuta kwenye miimo ya milango ili wachawi wasiingie. Mama alishika chupa, nami nilishika kanga yake. Bibi jirani, aliyebanika samaki kwa moshi miaka yote hadi macho yake yakawa mekundu, alikuwa amefagia mbele ya mlango wake na kujifunga kitambaa safi kichwani, akitusubiri. Tulimpita tukiimba kwa sauti zaidi.

"Jamani, mmeniruka!" aliita akicheka.

"Tutarudi, bibi," kiongozi alijibu bila kugeuka. Kisha akamnong'oneza mama, "Macho yale huyaoni? Tunajikinga naye, halafu tumpake mafuta?"

Jioni mama alinituma kurudisha ungo wa bibi. Nilimwamkia shikamoo nikiwa mbali.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona hawajarudi?"

Nilikuwa nimefundishwa kutowadanganya wakubwa. Mpaka leo natunga majibu mengine kichwani, na hakuna linalonitosha.

"Wanasema mchawi ni wewe, bibi."

Aliugusa mwimo mkavu wa mlango wake.

"Basi mwambie mama yako aje anipakie hata kidogo," alisema. "Mimi nalala peke yangu humu, na wachawi nawaogopa."