Siku Shangazi Aliponipita kwa Jembe

Nakumbuka siku tuliyolima kwa ujima huku Kibuta, wakati wa Mwingereza. Shangazi yangu, mvi kichwa kizima, alimaliza ngwe aliyopimiwa, kisha akaingia kunisaidia ya kwangu. Mimi, binti wa miaka kumi na tisa, nilikuwa nimekaa chini natweta.

Mwanangu, ukubwa ni jalala. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikabaki na wadogo watatu. Wajomba walishasema: nikishindwa kulima, watoto watagawanywa, huyu Kongowe, huyu Masaki, yule popote. Nami, kwa kiburi cha yatima, sikutaka mtu aseme tunakula majani. Kunde na mayai niliuza dukani, nikanunua sembe, sukari na bofulo. Asubuhi chai tamu na mkate, jioni ugali na mchuzi mtupu. Nikajiona nimelea!

"Dada Sembe, jembe limekuwa zito?" mwanamke mmoja akanitania, ujima wote ukacheka.

Shangazi hakucheka. "Jana ulikula nini?"

"Chai na bofulo, shangazi."

"Na juzi?"

Nikajifanya nafuta udongo kwenye jembe.

"Unauza nguvu, unanunua weupe," akasema. "Mimi uzee huu nilianza kujitengenezea nikiwa kama wewe. Nyanyuka, tukachume kisamvu."

Mwacha asili ni mtumwa. Tangu siku hiyo kunde zililiwa kwangu, na kisamvu, na mlenda, na dagaa tulipopata. Sukari nikawaachia wageni. Wadogo walinuna siku mbili tatu, njaa ikawafundisha. Msimu uliofuata nilikuwa wa kwanza kumaliza ngwe, shangazi akapiga vigelegele hadi wajomba wakasikia. Hakuna mtoto aliyegawanywa! Leo sote wanne tuna wajukuu, na shamba langu bado nalima mwenyewe.

Basi sikiliza, mwanangu. Uzee huanza kupikwa chunguni tangu ujana. Kula kwanza mazao ya shamba lako, ndipo uuze yanayobaki. Punguza sukari na chumvi. Inuka mkekani tumbo lingali na nafasi, kisha tembea. Wala usione haya kwa chakula kilichowakuza babu zako.

Mungu akupe meno ya kutafunia, miguu ya kukufikisha uendako, na umri wa kuwapakulia wajukuu wako kwa mkono wako mwenyewe. Amina.