Mpima damu aliyekuta hatari kwenye jani la shangazi yake

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mwanamke mwenye koti jeupe lililochakaa mifukoni anainamisha mrija mdogo wa kioo, anauinua, anauinamisha tena. Mkono wa kushoto umeshika saa ya kuhesabia sekunde. Ndani ya mrija kuna majimaji ya njano, ile sehemu ya damu inayobaki juu chembe nyekundu zikishatua chini.

"Usiniongeleshe," anamwambia mwandishi bila kugeuka. Ghafla majimaji yanashika utando, naye anabonyeza saa. "Kumi na tatu. Hiyo ni damu ya kawaida, haijaguswa na jani lolote. Haya, sasa ongea."

Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa kama fundi wa maabara ya chuo kikuu, akipima jinsi damu inavyoganda ikichanganywa na maji ya majani, magome na mizizi. Wanafunzi wanamwita Mama Sekunde. Kwa siku huinamisha mirija kama sitini, na akifika nyumbani hata kukamua nguo ni shida.

Damu yenyewe hutolewa na wafanyakazi wanaojitolea. Mwandishi naye alikunja mkono wa shati, akajiona shujaa.

"Umemeza dawa yoyote ya maumivu wiki hii?" akaulizwa.

Alikuwa amemeza aspirini juzi, kichwa kilipomgonga.

"Basi shusha mkono. Damu yako itanidanganya."

Jani lililomfanya Mama Sekunde azungumzwe chuoni kote lilitoka kwa shangazi yake, muuza dawa za mitishamba sokoni. Shangazi alilisifu kuwa linakata damu ya kidonda papo hapo. "Kila tukikutana ananichokoza: wewe na mashine zako, langu mbona hulipimi? Unaogopa aibu?"

Mwaka jana akalipima. Alilikausha, akalichemsha, akalichuja, kama wanavyofanya pale kwa kila mmea. Damu haikuganda haraka hata kidogo. Ilichukua sekunde thelathini na nne. Akarudia mara tano, jibu likawa lile lile.

Jumamosi alikwenda sokoni roho mkononi, maana karibu nusu ya mauzo ya shangazi ni jani hilo. Bibi huyo wa miaka sabini na moja aliangua kicheko.

"Nani alikutuma uchemshe? La kidonda linatwangwa bichi, unakamulia hapo hapo. La kuchemsha ni la kunywa, la miguu inayovimba. Umesoma kote huko, kuniuliza tu kukakushinda?"

Jumatatu akalipima bichi: sekunde tisa.

"Niliruka kama mtoto," anasema, na hata sasa macho yanamng'aa. "Jani moja, kazi mbili! Nadhani moto unaua kitu kimoja na kukitoa kingine. Ni kitu gani, bado hatujui."

Furaha hiyo haikufika saa ya chakula cha mchana. Alijiuliza ni nani hasa wanaokunywa lile la kuchemsha. Akampigia shangazi simu, shangazi akaanza kutaja wateja wake mmoja mmoja. Wa nne alikuwa kaka yake mwenyewe, baba wa Mama Sekunde.

Baba huyo, dereva mstaafu wa malori, aliwekewa vali bandia ya moyo miaka sita iliyopita. Kila jioni humeza kidonge cha kuzuia damu isigande kwenye vali hiyo. Kumbe kila asubuhi, kwa mapenzi ya dada yake, alikuwa anakunywa kikombe cha jani linaloelekea kufanya kazi hiyo hiyo. Na baada ya siku tatu alikuwa na miadi ya kung'olewa jino.

"Nilikaa chini, pale pale sakafuni," anasema. "Wangemng'oa, halafu damu ile..."

Alimkuta baba yake sebuleni, akamkunjia mikono ya shati. Mabaka ya zambarau yalijaa kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono.

"Nilidhani ni uzee tu, mwanangu," mzee alimwambia. "Halafu chai ya dada yangu nitaikataaje?"

Kliniki ya moyo walimpima siku hiyo hiyo, wakakuta damu yake ni nyepesi karibu mara mbili ya inavyotakiwa. Jino liliahirishwa wiki tatu, chai ikasimamishwa, daktari akapanga upya dozi, kisha likang'olewa salama.

Shangazi bado jambo hilo linamuuma. "Ndugu yangu wa tumbo moja, nimpe kwa mkono wangu?" alisema mwandishi alipomfuata sokoni. Siku hizi kabla ya kufunga jani la kunywa humuuliza mteja kama anameza kidonge cha kuzuia damu isigande. "Akisema ndiyo, simuuzii hata alie."

Mama Sekunde naye ana mpango wake. Amemshawishi muuguzi wa kliniki awaulize wagonjwa wanakunywa majani gani nyumbani. Asubuhi ya kwanza, kati ya wagonjwa kumi na mmoja waliokuwa kwenye benchi, saba walitaja jani, gome au mzizi. Sasa anataka swali hilo lichapwe kwenye kadi ya kila mgonjwa.

"Baba amehudhuria pale miaka sita. Daktari hakumuuliza, muuguzi hakumuuliza." Anafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Na mimi ndiye mpima majani. Nakula naye kila Jumapili, na sikuwahi kumuuliza."