Kitabu Alichokitaka Mgeni

Wanafunzi walimwita Mama Vitabu, na wengi hawakuwahi kulisikia jina lake halisi. Alikuwa mkutubi wa shule ya msingi, mama wa makamo mwenye sauti nzito na miwani aliyoifunga uzi shingoni. Maktaba yake zamani ilikuwa stoo ya madawati mabovu. Mwenyewe ndiye aliyeipaka rangi, akagongelea rafu na kutandika mkeka. Alichojivunia zaidi ni vitabu vya picha vinavyohusu watoto waliohamia nchi ya watu na kuanza shule wasikojua lugha. Alivitafuta kwa udi na uvumba, maana shule ilipokea wageni kila muhula.

Alipoletwa msichana mgeni wa darasa la tatu, Mama Vitabu alimkalisha mbele, akafungua kimojawapo na kulisomea darasa zima. Kilimhusu mtoto mgeni aliyekaa kimya mpaka ukurasa wa mwisho, ndipo akapata rafiki. Alisoma kwa mbwembwe, akibadilisha sauti. Darasa likapiga makofi. Msichana akainamisha kichwa, na tangu siku hiyo hakutia mguu maktabani.

Roho haikumtulia Mama Vitabu. Alimkuta kwenye ngazi wakati wa mapumziko, akaketi kando yake, magoti yakilia.

"Mwanangu, mbona umenisusa?"

Msichana alitafuta maneno. "Ulisoma. Wote wakaniangalia mimi."

Ndipo Mama Vitabu alipoelewa. Alidhani amemfungulia mlango, kumbe amemwanika.

"Nisamehe, mwanangu. Wewe unapenda kitabu gani?"

"Nyoka."

"Nyoka?"

"Wakubwa."

Akampeleka maktabani, akampa kitabu cha nyoka, chenye picha za kutisha kwelikweli. Msichana akajilaza kifudifudi mkekani. Haukupita muda, wenzake wawili wakamsogelea, wakaanza kubishana kama chatu anaweza kumeza mbuzi mzima. Yeye akawaonyesha kwa mikono jinsi taya linavyopanuka. Alipokosa neno, wakamtajia.

Vile vitabu vya wageni Mama Vitabu hakuvitupa. Siku hizi huwasomea wenyeji mapema, kabla mgeni hajaletwa, ili wajue ugeni ulivyo. Mgeni akifika, humwacha azunguke rafu na kuchagua mwenyewe. Wapo wanaomaliza muhula mzima wakitazama picha za malori tu. Huwaacha watazame.