Papa Ferenc Afuta Tarumbeta

Jumatatu ile mimi nilikuwa naosha mchele, na Papa Ferenc alikuwa anapigana vita. Ndivyo nilivyoiita kazi yake. Alizaliwa Hungaria, wazazi wakamtorosha akiwa mtoto, akaja kuzeekea Durban akitunga muziki wa filamu, hasa filamu za vita. Mimi, msusi wa mtaa wa Greyville niliyekimbia vita Uvira, Kongo, nilipanga chumba cha nyuma nyumbani kwake, kilimani Berea. Miaka sita ya kukaa nami ilimtia Kiswahili cha kwetu kinywani. "Eish", ule mguno wa watu wa Durban, aliiokota mwenyewe.

Filamu aliyokuwa akiitungia wakati huo aliipata baada ya miaka mitano ya kukaa bure, na kwa umri wake alijua ni ya mwisho. Ilibaki sehemu moja tu: askari wanavamia kijiji. Alikuwa ameiwekea tarumbeta kumi na mbili.

Tulishasikia kwamba maduka yanavunjwa mjini. Saa tano asubuhi vurugu zikapanda kilima hadi mtaani kwetu.

Mlio wa kwanza, Papa akaenda dirishani na kalamu yake.

"Papa, toka pale. Iko risasi."

"Mlio iko kavu sana," akalalamika, kama vile mpigaji alikuwa mwanafunzi wake.

Nikamvuta shati.

Tukalala kwenye korido, mbali na vioo. Hilo nililijua tangu Uvira. Mtunzi wa vita kumi na moja akaficha kichwa chini ya aproni yangu.

Kioo cha sebuleni kikapasuka.

Kulipotulia, akaniuliza, "Mama Neema, kule kwenu mulisikia nini?"

"Watu wanaulizana ufunguo iko wapi. Baba yangu alirudi kuutafuta. Tulimuambia aache."

"Aliupata?"

"Hatujue. Hatukumuona tena."

"Budapest, siku tulikimbia, mama yangu alitafuta glavu," akasema. "Moja tu. Ile ingine alikuwa ameivaa."

Mchana huohuo alifuta tarumbeta zote. Akaacha dakika mbili za kimya na filimbi moja inayoanza wimbo na kushindwa kuumaliza. Nilimwambia hivyo ndivyo vita vyenyewe, havina tarumbeta, na nilijivuna, siwezi kuficha.

Mwongozaji wa filamu akasema aliomba muziki, akaletewa kimya. Alitaka tarumbeta zirudi. Papa alikuwa mbishi kupita kiasi, akakataa, na kazi akapewa mwingine.

Filamu ilipotoka tulienda sinema tumevaa vizuri, tayari kuicheka. Askari wakavamia. Tarumbeta zikalia, nadhani hata zilizidi kumi na mbili. Uongo mtupu. Nami nikalia hadi leso ikalowa, maana nilimwona baba yangu akigeuka kurudi nyumbani.

Papa hakutazama filamu tena. Alinitazama mimi.

"Iko mbaya?" akanong'ona.

"Mbaya sana, Papa," nikasema, na machozi hayakukoma.

Akanipa leso yake. Hakupata filamu nyingine hadi alipofariki, na mimi ndiye niliyemwambia vita havina tarumbeta.