Hodi ya Mama Chuma

Mama Chuma hakuwa na simile na vijana wa mbio za magari barabarani. Zamani wakikamatwa walilipa faini, wakaondoka wakicheka, na kesho yake walikuwa barabarani tena. Mbio hizo ndizo zilizommaliza kitinda mimba wake. Baadaye sheria ikakazwa: dereva jela, gari kupondwa. Mama Chuma ndiye aliyeendesha mashine ya kuponda pale yadi ya vyuma chakavu, na kazi hiyo aliifanya kwa moyo mweupe.

Ila tangu siku alipokaribia kumponda paka aliyelala ndani ya gari, hakubonyeza kitufe kabla ya kugonga mlango na kupiga hodi.

"Mama, unabisha hodi kwenye kopo?" mpakiaji wa yadi alimtania.

"Kopo lina mlango. Wewe ndiye huna adabu."

Asubuhi moja likaletwa gari jeupe lililokamatwa mashindanoni. Mpakiaji aling'oa injini, betri na hata viti, ndani pakabaki patupu. Mama Chuma akagonga.

"Hodi!"

Akagonga tena.

"Hodi humu!"

"Karibu, mama."

Akamgeukia mpakiaji kwa hasira, ulimi uko tayari kumshukia kwa utani wa kijinga. Mpakiaji alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, hayabanduki kwenye lile gari.

Na nyuma ya Mama Chuma, ndani ya gari lile tupu, sauti ya kitinda mimba wake ikauliza taratibu:

"Mbona mmechelewa hivi kuyaponda haya magari?"