Nyundo Iliyosuguliwa

Novatus Rwegasira alikuwa mnunuzi wa kahawa pale Omurushaka, mtu wa kutoka Muleba, na kama angeridhika na kahawa yake nisingekuwa na neno naye. Lakini mwaka 1952 alivuka mpaka wa Murongo akitoka Uganda na mashine ya jeshi, ile waliyotumia askari kusaka mabomu ardhini wakati wa vita: mpini mrefu, sahani chini, na vitu vya kuvaa masikioni. Ikipita juu ya chuma, inalia. Basi akajiita bingwa wa mambo ya kale.

Alikuwa na gazeti lenye picha ya Wazungu wakichimbua makaburi ya wafalme, akatuonyesha mpaka likachanika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Novatus aliinama katika kila njia ya kijiji chetu, Nyakatuntu, kofia kichwani, matako juu. Aliokota misumari na makopo. Aliokota ncha ya mwavuli, akatuapia kuwa ni mkuki wa kale. Kuuliza wazee hakutaka. Wazee, alisema, hawana sayansi.

Ningemcheka tu hadi leo, kama si Kemigisha.

Kemigisha alikuwa jirani yangu, mjane. Byabato, aliyepakana naye upande wa juu, alidai kibanja chake, migomba na mibuni yote, kuwa ni mali ya ukoo wa Byabato tangu zamani. Kwetu kaburi ndilo shahidi wa kibanja: alipozikwa mtu, ukoo wake una haki hapo. Mkwewe Kemigisha, mzee Kahigi, mhunzi, alizikwa kwenye migomba ile, ila kaburi lilikuwa limesawazika na mti wake wa alama uliungua. Byabato akasema hakuna aliyezikwa pale. Lakini wazee walikumbuka kuwa Kahigi alizikwa na nyundo yake, imeviringishwa kwa rubugo, lile vazi la gome la mti.

Kemigisha akamwendea Novatus. Alimwamkia shikamoo, ilhali yeye ndiye aliyemzidi umri!

"Jumatatu mkungu wa kijiji anakuja na wazee kuamua shauri," akamwambia. "Naomba uje na mashine yako, ilie mbele yao, wachimbe wenyewe."

"Ondoa shaka, mama. Hii ni kazi ya kitaalamu."

Mtaalamu hakuweza kungoja. Jumapili, sisi tukiwa kwenye misa, aliingia kibanjani peke yake akachimba.

Jumatatu mkungu, mkuu wa kijiji chetu, alifika na wazee. Kabla hawajashika jembe, Novatus akatoa nyundo mfukoni, inang'aa kama kijiko kipya.

"Nyundo ya wafalme!" akatangaza. "Ina miaka mia nne!"

"Umeitoa wapi?" mkungu akauliza.

"Hapo." Akaonyesha shimo alilolifukia.

Byabato akacheka. "Hata mimi naweza kufukia sufuria jana nikaifukua leo."

Wazee wakalifukua shimo, wakakuta udongo uliovurugwa tu. Mifupa, udongo wetu huila mapema. Mkungu akaigeuza nyundo. Naamini alitaka kumsaidia mjane.

"Nyundo ya Kahigi ilizikwa na rubugo," akasema. "Chuma kikipata kutu hushikana nao. Rubugo uko wapi?"

"Ule uchafu?" Novatus akatabasamu. "Uling'ang'ania kweli! Nimeusugua kwa mchanga na majivu mpaka ukaisha wote."

Kemigisha akaketi chini, palepale kwenye majani ya migomba. Hakulia. Mimi ndiye niliyetukana, na mkungu akaninyamazisha. Nyundo isiyo na rubugo ingeweza kutoka popote, wakasema, na kibanja akapewa Byabato.

Siku Kemigisha anahama, Novatus alikuja kumwomba radhi, kwa kuwa si mtu mbaya, ni mpumbavu tu. Lakini alikuja na mashine begani, imewashwa. Mama wa watu amefunga mzigo wake, anaeleza njia ya kwa kaka yake, na bwana yule anasema pole huku sahani inaning'inia. Mashine ikalia juu ya mzigo. Pole ikamkatikia mdomoni, akainama kutazama.

Lilikuwa jembe lake la kupalilia. Kemigisha akalichomoa, akamkabidhi.

"Na hili lichukue, Bwana Novatus," akasema. "Sina tena pa kulilimia."

Akalichukua!