Kisu cha Muuza Nyama

Muuza nyama wa mtaani kwetu hamwazimi mtu kisu, hata mkewe. Kila akimaliza kukata hukifuta, hukitundika, huku akiimba kwa kijisauti kisicholingana kabisa na kifua chake. Jana asubuhi watu walimburuta hadi dukani jamaa waliyemkamata na mizani ya muuza nyama huyo. “Tupe kisu tummalize!” wakapiga kelele. Muuza nyama akamvutia mwizi nyuma ya meza, akasimama mbele yake. “Mizani ni yangu, na nimeshaipata. Huyu atajibu kwa hakimu, polisi nimeshawaita. Kisu hiki ni cha ng’ombe.” Akakifuta, akakitundika, akaendelea kuimba. Mmoja wa wale watu, aliyeshika jiwe, akalitazama, akaliweka chini polepole. “Haya basi, ndugu yangu,” akasema, “nipimie nusu kilo.”